Sura ya Sita: Bango Lililolala Kifudifudi

Nitamtunga dereva mmoja, maana wa kweli hawapendi kutajwa. Ana Noah, anatoka Chake Chake asubuhi kwenda Mkoani, na abiria wake wanataka kuwahi boti ya Unguja. Njia ni zaidi ya kilomita 40, na miaka ya karibuni imekuwa ikivunjwa na kujengwa upya kipande kwa kipande. Anapita Ngwachani. Lami inakatika ghafla, kinaanza kifusi chekundu, kisha lami mpya nyeusi isiyo na mistari, kisha kifusi tena. Kando ya njia karafuu zimeanikwa kwenye majamvi. Greda limeegeshwa, halina mtu. Chini ya mwembe yuko trafiki kijana, na mkononi ana tochi.

"Asalaam alaykum, ami."

"Waalaykumu salaam, mwanangu."

"Umepita na hamsini na nane. Hapa mwisho thalathini, wanajenga."

"Thalathini imeandikwa wapi?"

Kijana ananyoosha kidole gumba nyuma ya bega. "Huko ulikotoka."

Abiria wanaanza kuguna. Mmoja anasema boti haingoji mtu. Dereva anatoa leseni, anaandikiwa, anaondoka. Jioni, akirudi gari tupu, anasimama pale pale, anashuka na kutembea kurudi nyuma hatua mia mbili, na analiona. Duara lenye ukingo mwekundu, limelala kifudifudi kwenye majani, nguzo yake imepinda, na juu yake kuna rundo la kifusi lililomwagwa na lori. Kutoka barabarani halionekani hata ukiambiwa lilipo.

Sura hii nzima inahusu bango hilo. Madereva wengi waliokamatwa kwa mwendo kasi kwenye eneo la ujenzi hupoteza nguvu zao kubishana kuhusu mambo mengine: askari alikuwa na kiburi, mbona aliyenipita hakukamatwa, mimi naendesha miaka ishirini. Yote hayo yanaweza kuwa kweli na yasimsaidie mtu. Kosa la kawaida la mwendo hutoka kwenye sheria yenyewe, ambayo dereva anatakiwa kuijua hata pasipo na kibao. Kikomo cha muda kwenye eneo la ujenzi kimeletwa na mtu, siku fulani, mahali fulani, na njia pekee ya dereva kukijua ni bango. Bila bango kuonekana, kinachobaki ni siri baina ya mkandarasi na trafiki.

Kabla ya kuendelea, tuondoe mkanganyiko unaowakumba hata watu waliosoma. Ukiandika kwenye simu "faini ya mwendo kasi Tanzania", utaletewa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, na kifungu cha 51 chenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Utasoma pia habari za faini ya shilingi 30,000. Hiyo ni sheria ya Bara. Usafiri wa barabarani haumo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, na Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003. Polisi lakini ni jambo la Muungano. Kwa hiyo kijana aliye chini ya mwembe ni askari wa Jamhuri ya Muungano, anasimamia sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi, jalada litakwenda kwa waendesha mashtaka wa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na shauri litasikilizwa na hakimu wa Zanzibar. Ukienda mahakamani Chake na karatasi uliyochapisha yenye kifungu cha 51, hakimu atakutazama kama mtu aliyepanda boti ya Tanga akitaka kufika Unguja. Swali la kwanza la utetezi, na ambalo watu wanasahau kuliuliza, ni hili: nimeshtakiwa kwa sheria ipi, kifungu kipi? Kama hati ya mashtaka imetaja kifungu kisichohusiana na kosa, au haikutaja mahali, tarehe na kikomo kilichovunjwa, hapo pana la kusema, na lisemwe kabla ya kujibu mashtaka.

Turudi kwenye bango.

Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha. Katiba ya Zanzibar ya 1984 na ile ya Muungano zote zinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, na kesi ya gari haina ubaguzi. Kwa kosa la eneo la ujenzi, kuthibitisha maana yake ni kuonyesha mambo kadhaa kwa pamoja: kwamba kikomo kiliwekwa na mwenye mamlaka ya kukiweka, kwamba alama ilikuwepo siku hiyo, kwamba dereva wa kawaida aliyetokea upande ule angeiona, na kwamba gari lilipimwa likiwa ndani ya eneo lenyewe. Hilo la mwisho hudharauliwa. Eneo la ujenzi lina mwanzo na mwisho. Trafiki akisimama mita hamsini kabla ya bango na kukupiga tochi ukiwa bado hujalifikia, umepimwa kwenye barabara ya kawaida. Akikupiga umeshapita bango la kumaliza ujenzi, ndivyo hivyo.

Na hilo la mamlaka nalo lisipuuzwe. Mkandarasi anaweza kuwa na ghala zima la vibao, lakini kibao hakipati nguvu ya sheria kwa sababu kimepakwa rangi. Uingereza, kwa mfano, kikomo cha muda kwenye ujenzi hutolewa kwa amri rasmi chini ya Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti barabara, na amri hiyo inaweza kuombwa na kusomwa. Kwetu mtu wa kuulizwa ni Wakala wa Barabara Zanzibar au wizara inayosimamia ujenzi. Muulize kwa barua, weka nakala. Jibu likija linakusaidia, na lisipokuja umebaki na barua yenye mhuri wa kupokelewa, ambayo nayo ni karatasi ya kumwonyesha hakimu.

Mahakama Kuu ya Uingereza iliwahi kuliweka suala la alama vizuri katika shauri la Peake la mwaka 2010. Haikuuliza kama kila kibao cha barabara nzima kilikuwa sawasawa. Iliuliza: mpaka dereva huyu anafika pale alipopimwa, kwa njia aliyopita yeye, je, alikuwa ameshapewa taarifa ya kutosha kuhusu kikomo? Mahakama za Zanzibar hazifungwi na hukumu hiyo, ila hakuna kinachomzuia wakili kuisoma mbele ya hakimu, na kwa Pemba ina faida ya pekee. Barabara zetu zina vichochoro. Mtu anaweza kuingia barabara kuu kutokea kijijini, katikati ya eneo la ujenzi, bila kupita kibao chochote, kwa sababu mkandarasi aliweka vibao viwili tu, kimoja kila mwisho. Dereva wa namna hiyo si mkaidi, hajaambiwa tu.

Hapa ndipo simu ya mkononi inaposhinda ubishi. Piga picha ya mahali, si ya bango peke yake. Simama upande wa dereva, kwa kimo cha macho ya dereva, mita mia kabla, kisha hamsini, kisha ishirini. Piga pia video ukitembea njia nzima kutoka ulipoingilia. Picha moja ya bango lililolala inasema bango limelala, bila kusema ulitokea wapi wala ungeweza kuona nini. Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar, Namba 9 ya 2016, ndiyo itakayoamua picha hizo zinaingiaje kwenye kesi, kwa hiyo usizifute kwenye simu uliyopigia baada ya kuzituma kwa ndugu. Mtafute na shahidi. Mtu mzima anayeanika karafuu hapo kila siku anajua bango lilianguka lini kuliko injinia, na kama sheha wa shehia amewahi kulalamikia vibao hivyo, mwombe aandike.

Sasa ile namba, hamsini na nane.

Watu huiogopa tochi kana kwamba ni wahyi. Ni chombo, na kila chombo kina tabia zake. Tochi ya leza hurusha mwanga mwembamba, lakini si uzi: kwa umbali wa mita 300 duara lake lina upana wa karibu mita moja, na mkono wa mtu aliyesimama juani tangu asubuhi hutetemeka. Tochi ya rada hutumia mawimbi yanayotanuka zaidi, na kwa mita 200 yanaweza kufunika barabara nzima pamoja na kando zake. Pakiwa na gari moja tu, hakuna neno. Pakiwa na Noah mbele na lori la kifusi nyuma yake, rada inaweza kuchukua mwendo wa lori, kwa kuwa bati lake kubwa hurudisha mawimbi kwa nguvu zaidi. Muulize shahidi wa mashtaka: palikuwa na magari mangapi? Lori lilikuwa umbali gani? Chombo ni cha aina gani? Kilihakikiwa lini mara ya mwisho, na cheti kiko wapi? Leo asubuhi ulikijaribu kabla ya kuanza kazi, uliandika wapi? Uliza kwa upole. Hakimu anayemwona dereva akimtukana askari husahau cheti.

Kuna hoja moja ya tochi ambayo madereva hupenda kuileta na inawageukia wenyewe. Wanasema askari alikuwa amesimama pembeni, kwa pembe, kwa hiyo kipimo si sahihi. Kweli pembe huharibu kipimo. Lakini chombo kilichosimama mahali pamoja kikipima kwa pembe huonyesha mwendo mdogo kuliko halisi. Ukiishinda hoja hiyo umethibitisha kwamba ulikuwa unakimbia zaidi ya 58.

Vilevile ile ya "mshale wangu ulikuwa arobaini". Kanuni ya Umoja wa Mataifa Namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inataka mshale wa mwendo usionyeshe kamwe pungufu ya mwendo wa kweli. Unaruhusiwa kuzidisha, si kupunguza. Gari likitoka kiwandani hivyo, mshale wa 40 una maana huenda ulikuwa 37. Ila ukibadilisha matairi ukaweka makubwa kuliko ya asili, kama wanavyofanya wenye magari ya shamba ili yasiguse kwenye mashimo, mshale utaanza kusema uongo kwa upande mbaya. Hapo hoja yako ya mshale inakuwa kesi nyingine kabisa.

Je, kama hakukuwa na tochi? Askari akisimama mahakamani akasema, mheshimiwa, mimi nina uzoefu, nililiona gari likienda mbio sana? Kinga dhidi ya ushahidi wa namna hiyo ni ya zamani kuliko lami ya Pemba. Uingereza waliiandika kwenye Sheria ya Magari ya mwaka 1903, enzi ambazo gari lenyewe lilikuwa kioja: mtu hatahukumiwa kwa mwendo kwa maoni ya shahidi mmoja tu. Mwaka 1938, katika shauri la Brighty na Pearson, walikuwepo polisi wawili, lakini kila mmoja alizungumzia sehemu yake ya barabara, na mahakama ikasema maoni mawili ya mahali pawili hayajumlishwi yakawa ushahidi mmoja. Kenya wanayo kinga hiyo katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kwa dereva wa Zanzibar ni hoja ya akili ya kawaida hata kabla ya kuwa ya sheria: jicho la mtu linaweza kusema gari linakwenda kasi, haliwezi kusema hamsini na nane.

Niliyoyaeleza mpaka hapa hayamfai kitu dereva aliyekwisha kusema "ndio".

Kesi nyingi za barabarani hufia hapo. Dereva anaitwa, anasomewa shtaka kwa haraka, anaulizwa kama ni kweli. Ameacha gari bila mtu, siku inapita bila hesabu ya tajiri, na nyuma yake wanangoja wengine ishirini. Anasema, "Ndio mheshimiwa, ila bango lilikuwa limeanguka." Karani anaandika: amekiri. Faini.

Lakini huko si kukiri. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililisema hilo mwaka 1942 katika shauri la Yonasani Egalu, kutoka Uganda: pale mtu anapoelekea kuhukumiwa kwa kukiri kwake, aelezwe kila kiungo cha kosa na atakiwe kukikubali au kukikataa kimoja kimoja. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, mahakama hiyo ikapanga hatua zenyewe. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Akiongeza jambo linaloonyesha kwamba huenda hana kosa, kukiri kwake kufutwe na iandikwe kwamba amekana. Shauri la Adan husomwa mpaka leo pande zote za Afrika Mashariki. Bara, shauri la Laurence Mpinga la 1983 likaeleza ni lini aliyekiri anaweza bado kukata rufaa, na miongoni mwa sababu ni kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata.

Mazungumzo yanayotakiwa ni mafupi.

"Unasemaje, ni kweli?"

"Si kweli, mheshimiwa. Nilikuwa naendesha, lakini alama haikuwepo."

Basi. Neno la kwanza ni "si kweli". Maelezo yatapata siku yake. Wapemba tumelelewa kutombishia mkubwa usoni, na ni malezi mema, ila hakimu haombi adabu hapo, anauliza swali la sheria. Kukana shtaka si utovu wa heshima.

Ndivyo ilivyo pia kwa karatasi ya faini inayolipwa bila kwenda mahakamani. Kuilipa ni kukubali. Wapo wanaolipa kwa hesabu ya kawaida kabisa, kwamba siku mbili za mahakamani ni ghali kuliko faini, na siwalaumu. Wajue tu kwamba wamefunga mlango, wasije wakaanza kutafuta picha za bango wiki ijayo. Anayetaka kuuacha wazi na hana fedha ya wakili, aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992 na chenye ofisi Pemba, au kwa wasaidizi wa sheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018.

Nisingekuwa mkweli kama ningeacha upande wa pili. Zipo hoja ambazo hazina miguu. "Nilikuwa nawahi boti" si dharura. Dharura ni mama mjamzito anayevuja damu, na hata hapo utaulizwa kwa nini hukuwasha taa na kupiga honi. "Sikujua kuna sheria" haijawahi kumwokoa mtu. Sheria ya jinai hutofautisha asiyeijua sheria na aliyekosea kuhusu jambo lenyewe kwa uaminifu na kwa sababu ya msingi, na ni huyu wa pili tu anayesikilizwa. Bango lililofunikwa na kifusi linamtia dereva kwenye kundi la pili. Kutojua maana ya duara jekundu kunamtia kwenye la kwanza.

Na ile inayopendwa kuliko zote: mafundi hawakuwepo, ilikuwa Ijumaa mchana, wamekwenda kusali. Huko Texas, Marekani, hoja hiyo ina uzito fulani, kwa kuwa sheria yao huongeza faini maradufu kwenye eneo la ujenzi pale tu wafanyakazi wanapokuwepo. Lakini hata huko kikomo chenyewe hakiondoki mafundi wakienda kula. Kilichowekewa kikomo si mafundi peke yao, ni mtaro uliochimbwa nusu, ukingo wa lami ulioachwa juu kiganja kizima kuliko kifusi, na kona ambayo wiki iliyopita haikuwepo.

Wakiwepo, hesabu ni hii. Kwa kilomita 30 kwa saa gari linakwenda zaidi kidogo ya mita 8 kila sekunde. Kwa 60 ni karibu mita 17. Sekunde moja ya kushtuka tu, kabla mguu haujagusa breki, umeshameza urefu wa magari manne. Kisha breki zenyewe: mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga huzidi mara nne, na hapo ni kwenye lami kavu, sembuse kifusi. Kibarua anayeshindilia mawe ameelekeza mgongo kwako, na rola linavuma kiasi kwamba hasikii honi. Mimi ninaandika kuwatetea madereva, na nikipita hapo nakwenda thelathini, hata bango likiwa limelala.

Dereva wetu, yule wa Noah, alifanya kosa moja ile jioni. Aliliona bango, akatikisa kichwa, akaenda zake. Simu ilikuwa imekwisha chaji. Kesho yake asubuhi alirudi na simu iliyojaa, na shemeji yake kama shahidi. Bango lilikuwa limesimama. Limenyooka, limefutwa vumbi, linaonekana toka mbali, na rundo la kifusi halipo.

Shemeji akasema, basi tena.

Dereva akachuchumaa. Chini ya nguzo saruji ilikuwa bado mbichi, na juu yake zimebaki alama za viatu vya mtu aliyeishindilia kwa kisigino. Akaingiza ncha ya ufunguo wa gari, ukazama. Akapiga picha ya ufunguo uliozama, ya alama za viatu, na ya majani yaliyolala na kugeuka manjano kwa umbo la duara, hatua mbili kutoka hapo. Kisha akamwomba bibi mwenye jamvi la karafuu amtajie jina lake kamili.